Yoga ya Kundalini: Ni Mazoezi ya Viungo au ni Ibada?

 

Ndugu msomaji, hebu tuifikirie familia moja ya Kiislamu pale Katoro, katika Mkoa wa Geita. Kijana wa nyumba hiyo hushinda kutwa baina ya maduara na makarasha. Jioni hurejea nguo zimejaa vumbi, mgongo umekakamaa, kifua kinabana, na usiku hapati usingizi kwa kuwaza madeni. Siku moja rafiki yake anamwonesha video katika simu: watu wenye mavazi meupe na vilemba, wamekaa chini wamekunja miguu, wanapumua kwa kasi na kuimba maneno asiyoyajua. Anaambiwa kuwa hiyo ni yoga ya Kundalini, na kwamba akiifanya kwa siku arobaini mgongo utapona, kifua kitafunguka, na nguvu iliyolala ndani yake itaamka. Kijana anaanza. Alfajiri moja, baada ya swala, mama yake anamsikia akiimba chumbani.

"Mwanangu, hiyo ni dua gani?"

"Si dua, mama. Ni mazoezi tu."

Je, ni mazoezi tu? Swali hili halihitaji kujibiwa kwa hasira wala kwa woga. Linahitaji elimu, kwa kuwa ndani ya jambo hilo moja yamo mambo matatu yaliyochanganywa: viungo, pumzi na itikadi. Asiyeyatenganisha huweza kukosea kwa namna mbili: ama akatupa lenye manufaa kwa kuliogopa lenye madhara, ama akabeba lenye madhara kwa kulipenda lenye manufaa.

Maana ya Kundalini

Yoga ni elimu kongwe ya Bara Hindi. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na asili yake ni kuunganisha au kufunga nira, kama mkulima wa Shinyanga afungavyo nira maksai wake kabla ya kulima. Zipo njia nyingi za yoga. Nyingine hushughulika zaidi na mikao ya mwili, nyingine na tafakuri, na nyingine na ibada ya miungu ya Kihindu.

Kundalini nalo ni neno la Kisanskriti, lenye maana ya kitu kilichojikunja au kujiviringisha. Katika vitabu vya kale vya madhehebu ya Tantra, Kundalini inaelezwa kwa sura ya nyoka jike aliyelala chini ya uti wa mgongo wa mwanadamu, amejiviringisha mara tatu na nusu. Nyoka huyo si mnyama. Ni mfano wa nguvu ambayo vitabu hivyo huiita Shakti, naye Shakti kwao ni mungu wa kike. Mafundisho hayo husema kuwa mtu akifanya mazoezi maalumu, nguvu hiyo huamka na kupanda kupitia mfereji wa kati wa uti wa mgongo, ikivuka vituo viitwavyo chakra, hadi utosini, ambako huungana na mungu Shiva. Hapo ndipo mtu husemwa kuwa amefikia ukombozi.

Wenyeji wa Usukuma hawatashangaa kusikia habari za nyoka na nguvu. Bagoyangi, wachezaji ngoma wanaocheza na nyoka, ni maarufu katika ukanda huu. Lakini nyoka wa Bagoyangi huonekana kwa macho na hushikwa kwa mikono, ilhali Kundalini ni nyoka wa itikadi. Daktari akiupasua uti wa mgongo hatamkuta huyo nyoka, wala hataziona hizo chakra. Huo ni mfano wa kidini ambao watu waliuweka ili kueleza imani yao, na mwenye kuingia katika mazoezi hayo ni haki yake kuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Ilivyoenea duniani

Aina ya yoga ya Kundalini inayoenezwa leo kwa video na kwa walimu wenye vilemba vyeupe ina historia ya karibuni. Mwenezi wake mkuu alikuwa Harbhajan Singh, aliyezaliwa mwaka 1929 katika sehemu ambayo leo ni Pakistani, na aliyekuwa ofisa wa forodha nchini India. Mwaka 1968 alihamia Kanada, kisha akaenda Los Angeles, Marekani, ambako alijulikana kwa jina la Yogi Bhajan na mwaka 1969 akaanzisha jumuiya iitwayo 3HO. Aliwafundisha vijana wa Marekani mchanganyiko wa mikao, pumzi, nyimbo na baadhi ya desturi za dini ya Kisikh, akidai kuwa anafichua elimu ya kale iliyokuwa siri. Wanazuoni wa Kisikh walimpinga, wakasema kuwa dini yao haifundishi kuamsha Kundalini.

Yogi Bhajan alifariki mwaka 2004. Mwaka 2020 baadhi ya wanawake waliokuwa wafuasi wake walijitokeza kueleza kuwa aliwadhulumu kimwili. Jumuiya zake zenyewe ziliagiza uchunguzi huru, na ripoti iliyotolewa Agosti mwaka huo ilisema kuwa kuna uwezekano mkubwa kwamba alitenda mengi katika hayo aliyotuhumiwa. Hatutaji jambo hili ili kuwasengenya walio hai wala waliokufa. Ripoti hiyo iko hadharani, na ndani yake limo funzo kwa kila mzazi: mwalimu yeyote anayedai kuwa na siri ya nguvu iliyofichika, kisha akataka atiiwe bila kuulizwa, ni mtu wa kutahadhari naye, awe amevaa kilemba cheupe, kanzu au suti.

Watu wa Shinyanga na Geita wanalijua funzo hilo kwa machungu. Ni katika Kanda ya Ziwa hii hii ambako, hasa kuanzia mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya waganga waliowaahidi watu utajiri wa dhahabu na samaki. Kuifananisha yoga na unyama huo kungekuwa dhuluma. Tunalolisema ni kuwa ahadi ya nguvu za siri huota haraka mahali ambapo riziki hutafutwa gizani, chini ya ardhi, kwa kubahatisha.

Darasa la mwanzo lilivyo

Mtu akiingia kwa mara ya kwanza katika darasa la yoga ya Kundalini atakuta mpangilio wa namna hii. Kwanza, wote huketi, huunganisha viganja mbele ya kifua, na kuimba mara tatu maneno ya ufunguzi ambayo maana yake ni kuinamia hekima ya uumbaji na kumwinamia mwalimu wa kimungu aliye ndani ya nafsi. Pili, hufanya mazoezi ya kupasha mgongo: kuukunja mbele na nyuma, kuuzungusha na kuunyoosha. Tatu, hufanya mfululizo wa mikao na pumzi uitwao kriya, ambao huwa na lengo maalumu. Nne, hulala chali na kupumzika. Tano, huketi kwa tafakuri, mara nyingi wakirudia maneno matakatifu yaitwayo mantra. Mwisho huimba wimbo wa kuagana na kulitamka jina la ukweli.

Miongoni mwa mazoezi ya pumzi, lililo mashuhuri huitwa pumzi ya moto. Mtu hupumua kwa pua, haraka haraka, mara mbili au tatu kwa kila sekunde, huku akilivuta na kuliachia tumbo penye kitovu. Walimu wenyewe huonya kuwa zoezi hilo halimfai mama mjamzito, wala mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kifafa. Video za kwenye simu mara nyingi hazilitaji onyo hilo.

Walivyosema wanazuoni

Waislamu hawakuanza leo kuijua yoga. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni mkubwa aliyezaliwa mwaka 973, alijifunza Kisanskriti, akaitafsiri kwa Kiarabu kazi ya yoga inayonasibishwa na Patanjali, kisha akaandika kitabu kikubwa kuhusu India. Hakuwa Mhindu, wala hakuficha tofauti baina ya imani yao na yake. Lakini aliona kuwa haifai kuwahukumu watu kabla ya kusikia kwa usahihi wanayoyasema.

Katika zama zetu, mabaraza ya fatwa yamelijadili suala hili. Novemba 2008, Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilitangaza kuwa yoga yenye kuchanganya mikao, nyimbo za ibada na itikadi ya kuungana na mungu haimfai Mwislamu, na likashauri kuwa hata mikao mitupu ni bora iepukwe. Januari 2009, Baraza la Maulamaa la Indonesia, likikutana Padang Panjang, lilipambanua: yoga yenye mantra na ibada ni haramu, na iliyo mazoezi ya mwili tu inaruhusiwa. Novemba 2017, Saudi Arabia iliiorodhesha yoga miongoni mwa shughuli za michezo zinazoweza kupewa leseni.

Mwenye haraka atasema kuwa hawa wanapingana. Ukitazama kwa makini utaona kuwa wote wanauzunguka msingi mmoja mashuhuri wa fiqhi: mambo ya kidunia asili yake ni ruhusa mpaka lije katazo, na mambo ya ibada asili yake ni katazo mpaka ije dalili. Kukunja mgongo ni jambo la kidunia. Kuinamia mwalimu wa kimungu ndani ya nafsi ni jambo la ibada. Tofauti ya mabaraza hayo ni katika kiasi cha tahadhari: wengine wameufunga mlango mapema kwa kuchelea kuteleza, na wengine wameuacha wazi kwa masharti.

Wala tatizo si pumzi. Hapa hapa Afrika Mashariki wafuasi wa tarika ya Qadiriyya wanajulikana kwa dhikri inayokwenda na mapigo ya pumzi, ingawa wanazuoni wana maoni tofauti juu ya namna hiyo. Linalomtenga Mwislamu na mantra ni anayetajwa na anayeombwa. Katika kila rakaa ya swala Mwislamu husoma Suratul Fatiha, akakiri kuwa Allah peke yake ndiye wa kuabudiwa na kuombwa msaada. Haiwi mtu akiri hivyo alfajiri, kisha jua lichomozapo aimbe kwa kuinamia kisichokuwa Yeye, hata kama hajui maana ya anachokiimba. Kutojua maana ni sababu ya kuuliza kwanza.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Baadhi yetu, kwa kutaka kuwashinda wengine, husema kuwa swala ni yoga ya Kiislamu. Swala ina faida kwa mwili, lakini haikufaradhishwa kwa ajili ya mgongo. Ni ibada yenye nia, nguzo na nyakati zake. Anayeigeuza kuwa mazoezi ya viungo ameishusha daraja akidhani anaipandisha.

Faida na mipaka yake

Uadilifu unatutaka tuseme pia yaliyothibiti kwa wataalamu wa tiba. Mwaka 2017, Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Faida yake kwa kiuno ni ya wastani. Kuhusu Kundalini yenyewe, mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha watu wazima 226 nchini Marekani waliokuwa na maradhi ya wasiwasi. Baada ya majuma 12, asilimia 54 ya waliofanya yoga ya Kundalini walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 33 ya waliopewa elimu tu ya kukabili msongo wa mawazo. Lakini waliopata tiba ya mazungumzo kwa wataalamu wa afya ya akili waliopata nafuu ni asilimia 71, na baada ya miezi 6 yoga haikuwa tena na ubora wa wazi juu ya elimu ile.

Basi faida ipo, nayo ina mpaka. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo ilipo hatari kubwa kwa kijana wetu wa Katoro, hatari ambayo hata mama yake huenda hajaiona.

Anayefanya kazi katika vumbi la mawe, awe anachoronga mwamba Nyarugusu, anatwanga mawe Mgusu au anaendesha karasha Kakola, huvuta chembe ndogo za silika ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Makovu yake hayaondoki, na aliyeupata huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa kifua kikuu. Hakuna pumzi ya moto itakayolifuta kovu la pafu. Zaidi ya hayo, mwenye kifua kikuu kisichotibiwa, akikaa katika chumba kilichofungwa na kupumua kwa kasi mbele ya wenziwe, huwagawia ugonjwa.

Ya pili ni zebaki. Katika miaka ya 2000 Rwamgasa, katika Wilaya ya Geita, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki kwa wachimbaji wadogo, na dalili za sumu hiyo zikaonekana kwa wanaoichoma pamoja na dhahabu. Mvuke wake huufikia ubongo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, na mtu huwa mwepesi wa hasira. Sasa zingatia. Waenezaji wa Kundalini husema kuwa nguvu hiyo ikianza kuamka, mwili hutetemeka na usingizi hukatika. Mganga wa kijijini naye, akiletewa mtu wa namna hiyo, huweza kusema ni jini au amerogwa na jirani. Mchimbaji mmoja, mtetemeko mmoja, na wafasiri wawili, kila mmoja akivutia kwake. Na huku sumu inaendelea kufanya kazi. Anayestahiki kuulizwa kwanza ni daktari.

Ushauri kwa familia

Kwanza, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, anayekohoa damu, anayetokwa na jasho usiku au anayekonda, aende kituo cha afya akapimwe makohozi kabla ya kujaribu zoezi lolote la pumzi. Dawa za kifua kikuu nchini Tanzania hutolewa bila malipo. Amweleze mganga wa kituo kazi anayoifanya, na kama anagusa zebaki aseme wazi.

Pili, vumbi lizuiwe kazini. Mawe yamwagiwe maji kabla ya kutwangwa, barakoa nzuri ivaliwe, nguo za kazi zisiingizwe chumbani wanakolala watoto, na zebaki isichomwe jikoni.

Tatu, anayetaka mazoezi kwa ajili ya mgongo na utulivu, anaweza kuyapata bila mantra, bila sanamu na bila ahadi ya nyoka. Ajishike kwa viganja na magoti juu ya mkeka, aupandishe mgongo kama paka aliyeshtuka, kisha aushushe taratibu kama mgongo wa ng'ombe, mara kumi. Alale chali, akumbatie goti moja kifuani, kisha la pili. Halafu aketi, apumue kwa pua polepole, kutoa pumzi kukiwa kurefu kuliko kuingiza, kwa dakika tano. Likiuma, aache. Hayo ni mazoezi ya viungo, wala hayahitaji jina lolote la heshima.

Nne, mabinti na akina mama wana haki ya mazoezi kama wanaume. Yafanyike mahali penye stara, na mwalimu awe mwanamke anayefahamika. Mjamzito asijaribu kuzuia pumzi wala kupumua kwa kasi.

Tano, asiyekuwa na uhakika kuhusu darasa fulani amuulize mwalimu: maneno haya maana yake nini, na je, naweza kushiriki bila kuyatamka? Mwalimu mwaminifu atajibu. Kisha ayapeleke majibu hayo kwa shekhe anayemwamini katika msikiti wake, kwa kuwa makala hii inaelimisha, haitoi fatwa.

Sita, tusiwadhihaki majirani. Mhindu na Msikh wana dini zao, na wapo waliozaliwa na kuzikwa katika ardhi hii hii. Kulinda tauhidi hakulazimishi kutukana.

Na mama wa Katoro tunamwambia kuwa swali lake lilikuwa sahihi, ila lina mwenzake. Akishamuuliza mwanawe ni dua gani anayoiimba, amuulize pia: kifua kimeanza kubana lini? Mtume (S.A.W) aliliunga mkono fundisho la kuwa Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na familia yako pia. Mama akiliuliza la kwanza bila la pili, huenda akaiokoa itikadi ya kijana na kumkosa kijana mwenyewe. Ayaulize yote mawili, kwa upole, kisha amshike mkono waende wote zahanati.